Kelele za Nyundo na Kimya cha Ukuta

Nyumba hufanana na mwili wa mwanadamu. Mwili huzaliwa, hukua, huchoka, na siku moja huhitaji tabibu. Nyumba hujengwa, hukaliwa, huchakaa, na siku moja huhitaji fundi. Hapana nyumba idumuyo milele katika hali iliyojengwa. Jua hula rangi yake, mvua hutafuta kila upenyo wa paa lake, miguu ya watu husaga ngazi zake, na mabomba yake huziba na kushika kutu. Mwenye nyumba akataaye kuitengeneza huitakia mali yake kifo cha mapema. Kwa hiyo matengenezo si anasa wala si maonyesho, ni wajibu.

Lakini tabibu ajapo huja na uchungu, na fundi ajapo huja na kelele. Mgonjwa mwenye akili huvumilia uchungu wa tabibu kwa sababu anatumaini kupona. Mkazi mwenye akili huvumilia kelele za fundi kwa sababu anatumaini kukaa katika nyumba njema. Uchungu usiofuatwa na kupona ni mateso matupu, na kelele zisizofuatwa na kazi njema ni mateso kama hayo. Basi katika matengenezo ya nyumba huzaliwa malalamiko mawili: lalamiko la kelele na lalamiko la ubovu wa kazi. La kwanza hulifahamu kila mwenye masikio. La pili hulifahamu wachache, na aghalabu hufahamika baada ya wakati wake kupita. Nataka kuonyesha katika insha hii kwamba la pili ndilo kubwa, na kwamba jamii ijuayo kulalamikia kelele peke yake haijajua bado kulalamika.

Kwa watu wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, habari hii si ya vitabuni. Mitaa yetu ina umri. Pumwani ulianzishwa katika miaka ya 1920, na nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940. Mitaa ya Ofafa yachukua jina la Ambrose Ofafa, diwani wa jiji aliyeuawa mwaka 1953, na mtaa wa Mbotela wachukua jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka mmoja kabla yake. Buruburu ulianza kujengwa mwaka 1973, na Umoja na Dandora ilikua katika muongo huo huo. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa fupi, zenye nafasi ya kuanikia nguo na kivuli cha kukalia wazee. Leo, hasa katika Umoja na mitaa ijiraniyo nao, mahali palipokuwa na nyumba ya chini pamesimama nyumba ya ghorofa tano, sita au nane, na familia moja imegeuka kuwa familia thelathini. Ya zamani yataka kutengenezwa kwa sababu imechakaa. Mpya yataka kutengenezwa kwa sababu ilijengwa kwa haraka. Kwa hiyo nyundo hailali.

Mgeni akija Eastlands hudhani kwamba watu wake wamezoea kelele kiasi cha kutozisikia. Magari ya abiria hupiga honi tangu alfajiri, wachuuzi huita, mafundi wa jua kali hugonga mabati, na nyumba za ibada na nyumba za starehe hushindana kwa vipaza sauti. Dhana ya mgeni ni ya makosa. Mtu hazoei kelele kama asivyozoea njaa. Huishi nayo tu, na mwili wake hulipa. Zaidi ya hayo, mchana wa mtu mmoja ni usiku wa mwenzake. Eastlands hupakana na eneo la viwanda, na watu wengi wa mitaa yetu hufanya kazi usiku: walinzi, wauguzi, waokaji wa mikate, wahudumu wa mitambo. Hawa hurudi nyumbani jua likichomoza na kutafuta usingizi katika saa zile zile ambazo fundi hutafuta nyundo yake. Ongeza juu yao mtoto mchanga, mgonjwa, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, nawe utaona kwamba kelele si usumbufu wa sikio tu. Huiba usingizi, huiba afya na huiba masomo, na mwizi wa vitu hivi vitatu ni mwizi mkubwa kuliko mwizi wa kuku.

Sheria imelitambua jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Hata kabla ya katiba hiyo, kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ziliweka vipimo. Kwa mahali pa ujenzi katika mitaa ya makazi ziliweka mpaka wa desibeli 60 mchana na desibeli 35 usiku. Vijana wasomao sayansi na wakumbuke kwamba kipimo cha desibeli hakihesabiwi kama machungwa sokoni. Sauti ya desibeli 70 haiizidi sauti ya desibeli 60 kwa sehemu ndogo. Nguvu yake ni mara 10, na ile ya desibeli 80 ni mara 100. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu na desibeli 60. Mashine ya kukatia vigae huuvuka mpaka huo kwa mbali sana, na mwenye kuishika pasipo kuziba masikio yake huununua ujira wa leo kwa uziwi wa kesho.

Sasa nitasimulia niliyoyaona mwenyewe. Mwaka 2022 nilikuwa nimepanga katika nyumba moja ya ghorofa tano mtaani Umoja. Ilikuwa nyumba ya watu wa kadiri: walimu, makarani, wenye vibanda, madereva na wajane waliolea wajukuu. Katika mwezi wa Agosti tangazo lilibandikwa langoni. Lilisema mambo mawili: kwamba ngazi, dari, kuta na mabomba yatatengenezwa kwa muda wa wiki sita, na kwamba kodi itapanda mwezi wa Januari. Watu walisoma, wakahesabu vidoleni, wakanung'unika kidogo, kisha wakakubali. Dari ya ngazini ilikuwa imechora ramani za unyevu, na ukingo wa roshani ya ghorofa ya tatu ulikuwa umepasuka. Hapana aliyetaka kulipa zaidi, lakini kila mmoja alitaka nyumba iliyo salama.

Mafundi walikuja na kelele zikaja pamoja nao. Walianza kabla ya jua, wakaendelea hata saa tatu ya usiku chini ya taa za umeme. Patasi zilibandua lipu ya zamani, mashine ya kuchanganyia zege ilinguruma uani, na vumbi liliingia katika unga, katika nguo na katika vifua vya watoto. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa na mtoto wa siku arobaini. Alimbeba mgongoni akazunguka naye barabarani mchana kutwa ili apate kulala. Jirani yangu, mfanyakazi wa usiku katika kiwanda, alisinzia kazini akakatwa mshahara. Baada ya siku kumi wakazi walikutana juu ya paa, mahali tulipoanika nguo, na kila mmoja alikuwa na neno juu ya kelele.

Miongoni mwetu alikuwako mzee mmoja aliyekuwa mwashi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa saruji, na mwendo wake ulikuwa wa polepole. Aliwaacha watu waseme mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Wanangu, kelele hizi mimi pia zinanisumbua, lakini zitakwisha. Kuna jambo lisilolia ambalo linanisumbua zaidi. Siku zote hizi nimesikia mashine ikinguruma, lakini sijamwona hata kijana mmoja akiinyweshea lipu maji."

Baadhi ya watu walicheka, si kwa dharau bali kwa uchovu. Kijana mmoja alimjibu kwa adabu, "Mzee wetu, tuache kwanza tulale, hiyo lipu tutaizungumza tukiamka." Nami nilisema kwamba maneno ya mzee yaandikwe pamoja na mengine, yakaandikwa katika mstari wa mwisho. Watu watatu walichaguliwa kwenda kwa msimamizi wa kazi. Msimamizi aliwapokea vizuri, akasikiliza habari za kelele na kuahidi kwamba kazi itaanza saa mbili asubuhi na kukoma saa kumi na moja jioni. Mstari wa mwisho aliupitisha macho tu. Alitimiza ahadi yake, na nyumba nzima ilimshukuru.

Lakini hesabu ni hesabu, hata mwalimu asipokuwapo. Saa za kazi zilipunguzwa, na siku za kazi hazikuongezwa. Tarehe ya kumaliza ilibaki ile ile. Basi upungufu ulipaswa kutoka mahali fulani, nao ulitoka katika kazi yenyewe. Lipu iliyopasa kupigwa kwa tabaka mbili ilipigwa kwa moja. Ukuta uliopasa kusuguliwa vumbi na kuloweshwa kabla ya kupokea lipu uliipokea ukiwa mkavu na mchafu. Mchanga uliongezwa, saruji ikapunguzwa. Rangi ilipakwa juu ya unyevu. Yote haya yalitendeka kimya kimya, na wakati yakitendeka tulilala usingizi mzuri. Katika wiki ya sita nyumba iling'aa. Wageni waliisifu, na wapita njia walisimama kuitazama.

Mvua za vuli zilipofika mwezi wa Novemba, zilifanya ukaguzi ambao hapana mtu aliyeufanya. Maji yaliingia katika dari ya ngazini, yakasimama nyuma ya rangi, na usiku mmoja kipande cha lipu chenye ukubwa wa meza kilidondoka. Chini yake alikuwa ameketi msichana wa kidato cha pili. Kwao palikuwa na chumba kimoja na wadogo zake wanne, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kusomea ngazini, penye taa. Kipande kile kilimvunja mtulinga wa bega la kuume. Wenzake walifanya mtihani wa mwisho wa mwaka, naye aliufuata mwaka ule kwa macho tu, mkono wake wa kuandikia ukiwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. Wote waliomjua walisema, na walisema kweli, kwamba kama angaliketi ngazi moja juu, tungalimzika.

Yafaa tuelewe kwa nini mzee alilia juu ya maji. Watu wengi hudhani kwamba saruji hukakamaa kwa kukauka, kama udongo ukaukavyo juani. Sivyo. Saruji hukakamaa kwa kuungana na maji; ni badiliko la kikemia, na badiliko hilo huchukua siku nyingi. Lipu na zege zikikauka upesi, muungano hukatika katikati, na kile kionekanacho kuwa jiwe huwa mchanga ulioshikana kwa muda. Ndiyo sababu fundi mwaminifu hunyweshea kazi yake maji kwa siku saba au zaidi, na ndiyo sababu wahandisi huupima uimara wa zege katika siku ya 28. Siku hizo haziwezi kununuliwa kwa fedha, wala kufupishwa kwa amri ya mwenye nyumba. Kazi ya kunyweshea haina sauti. Ni mtu mmoja na ndoo moja. Mtu huyo asipokuja hapana atakayesikia kwamba hakuja.

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Kelele hujitangaza zenyewe, hazihitaji shahidi. Kazi mbaya haijitangazi. Huvaa rangi, hutabasamu na hungoja. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapana mahali ambapo methali hii ni ya kweli zaidi kuliko katika ujenzi. Tunao mtaa uitwao Jericho. Katika Maandiko, kuta za mji wa jina hilo ziliangushwa kwa tarumbeta na makelele ya watu. Katika miji ya leo kuta huangushwa kwa kimya: kimya cha fundi aliyepunja saruji, kimya cha mkaguzi aliyepita bila kutazama, na kimya cha mkazi aliyeona ufa akasema si wake.

Eastlands ilikwisha kulipa bei ya kimya hicho. Usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa iliyokuwa karibu na mto mtaani Huruma iliporomoka pamoja na watu waliokuwa ndani. Watu zaidi ya 50 walikufa. Waokoaji walifukua kwa mashine na kwa mikono, na baada ya saa zipatazo 80 walimtoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai. Watu walilia kwa furaha na kwa uchungu pamoja. Nyumba ile ilikuwa mpya, wala haikuwa imechakaa kwa uzee. Ubovu wake ulikuwa ndani yake tangu mwanzo, na wapangaji walilipa kodi mwezi baada ya mwezi juu ya hatari wasiyoisikia.

Wala tusidhani kwamba hili ni balaa la nchi maskini peke yake. Katika Canning Town, upande wa mashariki wa London, palisimamishwa mwaka 1968 nyumba ndefu ya ghorofa 22 iitwayo Ronan Point. Alfajiri ya tarehe 16 Mei mwaka huo, wapangaji wakiwa wageni bado, gesi ililipuka katika ghorofa ya 18 na pembe nzima ya nyumba ikaporomoka kutoka juu hata chini. Watu wanne walikufa. Nyumba ilitengenezwa, ikakaliwa tena. Ilipobomolewa mwaka 1986, sehemu baada ya sehemu, walioibomoa walikuta kwamba baadhi ya maungio yaliyopasa kujazwa zege yalikuwa yamesakamwa magazeti. Kwa miaka 18 magazeti yale yalikaa ukutani pasipo mtu kuyasoma, na watu walipika, wakalala na kulea watoto kandokando yake.

Nirudi kwenye nyumba yetu. Baada ya msichana kuumia, hapana aliyecheka tena maneno ya mzee. Tulimwomba atuongoze. Alichukua jiwe dogo la mtoni, akapita ghorofa kwa ghorofa akigonga kuta na dari taratibu. "Sikilizeni," alisema. "Lipu iliyoshika ukuta husema kwa sauti nzito, na lipu iliyoachana na ukuta husema kwa sauti tupu, kama debe." Penye sauti tupu tulichora mviringo wa chaki. Mimi niliandika katika daftari: ghorofa, mahali, kosa, tarehe. Vijana walipiga picha. Tulipofika chini tulikuwa na miviringo 31, na mmoja wao ulikuwa juu ya ule ukingo wa roshani, ambao ulitikisika kwa kusukumwa na mkono wa mzee. Ukuta, ambao tulidhani ni bubu, ulikuwa umekubali kusema kwa sababu amepatikana mtu wa kuuuliza.

Tuliandika barua. Haikuwa na matusi wala vitisho. Ilitaja makosa 31, ikaomba mambo matatu: kazi irudiwe na mkandarasi aliyeandikishwa kisheria, matibabu ya msichana yalipwe, na kodi isipandishwe mpaka nyumba imekuwa salama. Nakala tuliipeleka katika ofisi ya kaunti. Jibu la kwanza la mwenye nyumba, alilolituma kwa mdomo wa msimamizi, lilikuwa kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Mzee alimwambia msimamizi, "Mwanangu, mvua ni ya Mungu, lakini lipu ni ya fundi." Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Mzee alimpa lile jiwe. Aligonga mviringo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa saba aliacha kugonga, akaketi ngazini akitazama sakafu. Mwishowe aliuliza ni siku ngapi zingehitajika ili kazi ifanywe sawasawa, na swali hilo lilikuwa swali la kwanza la maana tangu tangazo lilipobandikwa langoni.

Kazi ilirudiwa. Patasi zilirudi, mashine ilinguruma, vumbi liliingia tena katika unga. Kelele zilikuwa zile zile, lakini mambo matatu yalibadilika. Saa zake zilijulikana mapema, na waliofanya kazi usiku walipewa nafasi ya kulala kwa majirani wa nyumba nyingine. Tarehe ya kumaliza ilisogezwa mbele. Na kila jioni, kazi ilipokwisha, kijana mmoja alipanda ngazi na ndoo yake akanyweshea kuta maji. Sikumsikia mtu yeyote akilalamika. Mama wa ghorofa ya pili alimbeba mtoto wake akasimama kumtazama kijana yule, kama mtu atazamaye mauaji ya nyoka mlangoni pake.

Huko ng'ambo, na hata katika hoteli za pwani, wako watu wanunuao haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya mapumziko wanayoshirikiana na wengine. Nao hulalamika wakifika na kukuta nyundo badala ya utulivu, au vyumba vilivyokarabatiwa kwa rangi na kuachwa vibovu ndani. Sina haja ya kuwadharau, maana aliyelipa ana haki ya kupata alicholipia, awe tajiri awe maskini. Lakini iko tofauti. Wao, wiki ikiisha, hurudi kwao. Mtu wa Eastlands hana kwao pengine. Nyumba ile yenye nyundo ndiyo mapumziko yake, ndiyo shule ya watoto wake na ndiyo hospitali ya wazee wake. Ikiwa haki ya mgeni wa wiki moja ni haki, haki ya mkazi wa mwaka mzima ni haki mara hamsini.

Kulalamika basi ni ufundi, na kama ufundi wowote una kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni ukweli: usitie chumvi, maana neno moja la uongo huharibu maneno kumi ya kweli. Ya pili ni kipimo: badala ya kusema "kelele ni nyingi mno," sema zilianza saa ngapi na zilikoma saa ngapi, badala ya kusema "kazi ni mbaya," onyesha mahali, tarehe na picha. Ya tatu ni anwani: manung'uniko ya ngazini hayamfikii mwenye uwezo wa kurekebisha. Kwa kelele iko Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kwa wakandarasi iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa vibali vya ujenzi iko serikali ya kaunti. Ya nne ni umoja: mpangaji mmoja akilalamika huambiwa ahame, lakini wapangaji thelathini hawahamishwi kwa neno moja. Ya tano ni adabu, kwa sababu nia ni kujenga ukuta na si kumbomoa mtu.

Wako wasemao kwamba mpangaji hana haki ya kuuliza habari za saruji, kwa kuwa nyumba si yake. Katiba haikusema hivyo. Kifungu cha 43 chataja haki ya kila mtu kuwa na makazi yafaayo, na kifungu cha 46 chawapa watumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha. Kodi si sadaka, ni bei. Anayepokea bei ana deni la kutoa kitu kilicho sawa na bei hiyo. Wenye nyumba nao wana haki zao: walipwe kwa wakati, mali yao itunzwe, na nyundo zao zivumiliwe kwa kiasi cha haja. Mpangaji atakaye ukarabati usio na sauti hata kidogo ataka samaki pasipo maji.

Ninyi vijana msomao kurasa hizi, wengine wenu mtakuwa wahandisi, wengine waashi, wengine wakaguzi, wengine wenye nyumba, na karibu nyote mtakuwa wapangaji kwa muda fulani. Mhandisi na akumbuke kwamba mstari auchorao utabeba usingizi wa watoto. Mwashi na akumbuke kwamba konzi ya saruji aliyoipunja haipotei, hungoja mvua. Mkaguzi na akumbuke kwamba saini yake ni nguzo ya nyumba. Mwenye nyumba na akumbuke methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta; naye azibaye ufa kwa rangi hajaziba kitu. Na mpangaji na asitosheke na kutuliziwa sikio lake. Akae chini apumzike nyundo inaponyamaza, maana ni haki yake. Kisha ainuke, achukue jiwe dogo, agonge ukuta na asikilize. Ukisema kwa sauti nzito, na alale. Ukisema kwa sauti tupu, na aseme yeye kwa ajili yake, mapema na kwa maneno ya kweli, kabla mvua haijasema.